Vita gani inafaa kwa gemu la mkakati? Yaliyotukuta na modi yetu

Mkuu umeuliza kati ya Vita Kuu ya Pili na vita ya Kagera ipi bora kutengenezea gemu la kuendesha nchi nzima. Ngoja nikwambie yaliyotukuta mimi na mshkaji wangu, maana tulikaa miezi kama nane tunahangaika na modi (toleo tunalobadilisha wenyewe) ya Hearts of Iron IV, gemu la kompyuta la mkakati wa vita, tukachagua Vita Kuu ya Kwanza upande wa huku kwetu, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku Afrika Mashariki, na askari wake dhidi ya Mwingereza, Mbelgiji na baadaye Mreno. Tuliichagua kwa mahaba tu. Kuna Tanga ya Novemba 1914, Waingereza wanashuka na watu kama 8,000 wanapigwa na watu kama 1,000, kuna manowari Königsberg imejificha Rufiji, yani tukaona kila kitu kipo.

Sasa siku ya kwanza kuijaribu jamaa kachukua Mjerumani. Kacheza vizuri tu, ila ikafika 1916 kapoteza Tanga, kapoteza Dar, Tabora nayo Mbelgiji kaibeba, reli zote mbili zimekwenda. Gemu likamwambia nchi imesalimu amri, kwisha. Jamaa kanitazama, "mbona mwenyewe alipigana miaka miwili zaidi?" Na kweli, Lettow aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Yule bwana hakuwa na shida na miji, alichotaka ni Mwingereza aendelee kuleta majeshi huku yasiende Ulaya. Gemu linahesabu miji yenye pointi, kwa hiyo ukicheza kama yeye unahesabiwa umeshindwa.

Kwa hiyo mimi siku hizi siulizi vita ipi maarufu, nauliza kila upande ulikuwa unataka nini na je gemu linaweza kukihesabu.

Kingine ni chakula. Gemu linapeleka posho kwa reli na malori, sisi huku mbung'o wanaua farasi na ng'ombe, ukitoka relini ni kichwa cha mpagazi tu. Tukaweka mpagazi anabeba kilo 25, anakula kilo moja kwa siku. Piga hesabu: siku 12 kwenda, 12 kurudi, kala 24, kafikisha kilo moja! Tulidhani ni kosa la code ya programu, tukakesha tunalitafuta, kumbe hesabu iko sawa kabisa na ndo maana walikufa wapagazi makumi ya maelfu (Kariakoo unayonunulia simu ilikuwa kambi yao, jina limetoka kwa Carrier Corps, yani kikosi cha wapagazi). Tukaufanya uandikishaji wa wapagazi uwe ndo rasilimali kuu, ukizidisha vijiji vinakosa wa kulima na mwaka unaofuata posho inapungua. Hapo gemu likaanza kunoga.

Vita Kuu ya Pili sikukatazi ila imeshachezwa mpaka basi. Kagera naipenda kama Mtanzania, lakini Amin kaingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na Kampala imeanguka 11 Aprili 1979, haijafika hata miezi sita, utamaliza kabla chai haijapoa. Ukiing'ang'ania basi wachezeshe wale Waganda wa uhamishoni, anza na mkutano wao wa Moshi wa Machi 1979, kila kundi linataka kiti Kampala na Nyerere hawezi kuwaridhisha wote, uende nayo mpaka uchaguzi wa 1980. Huko ndo kuna maamuzi ya kuumiza kichwa.

Modi yetu bado ina tatizo moja, Mbelgiji akichezwa na kompyuta anakaa Ziwa Kivu tu mpaka 1918, Tabora haitaki. Mwenye kujua tiba anichek PM.