Shangazi, nimeambiwa "unadansi, huigizi"

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Temeke. Ni dansa tangu nikiwa na miaka 15: ngoma za asili kwanza, kisha dansi ya kisasa katika kundi moja hapa Dar. Sasa nataka kuigiza, jukwaani na kwenye tamthilia za televisheni. Nimefanya usaili mara tatu, nikakosa zote. Mwongozaji mmoja aliniambia, "unadansi, huigizi." Mwingine alisema sauti yangu inaishia safu ya pili ya viti. Goti la kushoto linaniuma. Kuna mtu anasema atanipa nafasi kwenye tamthilia nikitoa laki moja na nusu ya usajili. Je, niache kundi mwezi huu?*
*Dansa wa Temeke*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo laki na nusu kwa sababu haisubiri: usitoe. Prodyuza anayemtaka mwigizaji ndiye anayelipa. Anayekutoza ili akupe nafasi anaishi kwa ada za wenye ndoto kama wewe, na mara nyingi hana tamthilia yoyote. Na akigeuka akataka mwili wako badala ya pesa, ujue kudai ngono kama sharti la kumpa mtu kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapigie 113. Hifadhi ujumbe wake wote, usifute hata mmoja.

Sasa lile lililokuuma. Mwongozaji hakukutukana, amekuonyesha mahali hasa penye kazi. Dansa hujifunza kwa kuanzia nje: umbo, mwelekeo, hesabu ya nane, kurudia mbele ya kioo mpaka mwili ufanye wenyewe. Ukipewa mistari unaifanyia vivyo hivyo. Unapanga wapi upandishe sauti, wapi ugeuke, wapi unyamaze, halafu unaitoa ileile hata mwenzako akibadilika. Anayekutazama anaona mpango unatekelezwa. Haoni mtu anayezungumza na mtu.

Dawa yake ni kalamu. Chukua sini, yaani onyesho moja la igizo, ya mke anayemdai mumewe ada ya mtoto. Pembeni ya kila mstari wako andika unamfanya nini mwenzako: namwomba, namtia aibu, namtisha kwamba nitaondoka. Usiandike "nina huzuni" wala "nina hasira". Ukiandika huzuni, mwili wa dansa utakimbilia kuichora, mabega chini na mkono kifuani, na hapo ndipo unaposikia "unadansi". Mistari yenyewe ikariri bila kiimbo cha aina yoyote, ukiwa unafua au unamenya vitunguu, mara haraka mara polepole, mpaka isiwe na wimbo. Kisha mwombe mwenzako asome sehemu ya mume kwa namna tofauti kila mara: kwa upole, kwa kejeli, akiwa anatazama simu. Jibu lako likitoka na sauti ileile mara zote, humsikilizi. Rudini mwanzo.

Ngoma nayo imekuachia mazoea mawili, tabasamu na uso unaotafuta watazamaji. Vinapendeza uwanjani, ila ndani ya igizo vinamwacha mwenzako peke yake. Dansi ya kisasa imekupa shingo ndefu, mbavu zilizoinuka na pengine miguu inayotazama nje. Mama lishe aliyesimama tangu alfajiri hasimami hivyo. Weka simu ikurekodi ukichota maji, ukitafuta funguo, ukimsubiri mtu kituoni. Utazame mwendo wako kwa ukali uleule unaotumia kutazama dansi, kisha uutoe mapambo.

Kuhusu sauti, chanzo nadhani ni tumbo lako. Dansa hufunzwa kulikaza, kwa hiyo pumzi hubaki juu kifuani na sauti hutoka nyembamba. Ukilazimisha kwa koo utapata ukelele na ukavu, na baada ya maonyesho mawili sauti imekwama. Kila asubuhi lala chali, magoti yamekunjwa, kitabu juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa hesabu nne mpaka kitabu kiinuke, kisha toa "sss" nyembamba isiyotetemeka. Anza na sekunde 15, usogee mpaka 30 kwa wiki kadhaa. Halafu "mmm" mpaka midomo iwashe, uifungue kuwa "maa". Dakika kumi zinatosha, ila ziwe za kila siku. Baadaye soma ukurasa wa gazeti kwa sauti, mtu akiwa mita 15 mbali nawe uwanjani, na umwombe akueleze alichosikia. Usimuulize kama amesikia, maana atakujibu ndiyo ili kukufurahisha. Zingatia mwisho wa maneno, maana waigizaji wengi wageni huumeza. Ukisema "mwambie ampigie" na silabi mbili za mwisho zikamezwa kuwa moja, watazamaji wa nyuma watasikia "mwambie ampige", na tamthilia nzima imebadilika.

Jukwaa na kamera vinatofautiana zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Jukwaani kusudi lako lazima lifike safu ya mwisho, na mwili wako utakusaidia. Mbele ya kamera, muulize mpiga picha swali moja kabla ya teki, yaani kila mara sini inaporekodiwa: "unanikata wapi?" Akisema kifuani, mikono yako haipo kabisa, na kuinua nyusi kidogo tu ni kelele. Katika picha ya karibu, mtazame mwenzako kwenye jicho moja, lile lililo karibu na lenzi, kwa kuwa ukihamahama kati ya macho yake mawili utaonekana mwenye wasiwasi. Sini hazipigwi kwa mfuatano, unaweza kulia msibani asubuhi na kuolewa saa tisa. Ndiyo maana kila sini iandikie mistari miwili kwenye daftari: nimetoka wapi, nataka nini.

Kuna mahali utawazidi wenzako waliosomea uigizaji tu. Utafika kwenye alama ya sakafuni bila kuitazama. Utainua kikombe kwa mkono uleule kwenye neno lilelile teki ya kwanza hadi ya nane, na mhariri atakupenda kwa hilo. Unajua kupokea maelekezo bila kununa. Usiyafiche hayo. Kwenye wasifu wako wa ukurasa mmoja andika ngoma unazozijua kwa majina, sindimba, lizombe, bugobogobo, pamoja na lugha unazozungumza. Picha ziwe mbili, uso na mwili mzima, bila vichujio vya simu. Andaa vipande viwili vya kuigiza peke yako vya dakika moja hivi, kimoja kizito, kimoja cha kuchekesha. Ukiombwa usaili wa video, simu ilale kwa upana, iwe usawa wa macho, dirisha lenye mwanga liwe mbele yako na wala si nyuma, feni izimwe, na anayekusomea akae karibu kabisa na simu asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Wala usipige msamba ukiwa hujaombwa. Najua unajaribu kuonyesha ulichonacho, lakini unawakumbusha kile walichokukosoa.

Ukipata nafasi ya shule, TaSUBa pale Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha ngoma na maigizo chini ya paa moja, na kwa dansa hilo ni jambo kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho. Wakati unajipanga, tafuta michezo ya redio, itakunyang'anya mwili na kukuachia sauti tu, jambo unalolihitaji kuliko lolote. Tafuta pia vikundi vya maigizo ya kuelimisha jamii, maana hutaka watu wanaoweza kuita watu kwa ngoma na kuzungumza nao papo hapo.

Goti lisiwe siri. Michelle Yeoh aliacha ndoto ya baleti kwa jeraha la mgongo, Charlize Theron kwa goti, na wote wawili wakafika mbali kwenye filamu. Lakini uigizaji nao una kuanguka, kukimbia na kupigana. Kama goti linavimba au linakwama, muone daktari na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kusaini, na mwambie mwongozaji mapema ili mwanguko upangwe upande wa kulia.

Kundi usiliache mwezi huu. Zungumza na kiongozi wako upunguziwe miruko na upewe jioni mbili za mazoezi ya kuigiza kwa wiki. Uliache pale utakapokuwa na mkataba wa maandishi unaosema siku ngapi za kazi, malipo ni kwa siku au kwa kipindi, nani analipa nauli na chakula, na sehemu gani ya pesa unapewa kabla kamera haijawashwa. Omba nusu. Wakikupa theluthi, pokea, lakini tarehe ya zilizobaki iandikwe.