Gumegume makaburini: maswali yenu

Gumegume ni jiwe gani hasa?

Ni lilelile lililotoa cheche kwenye bunduki za gumegume za zamani. Huzaliwa ndani ya miamba ya chaki, likiwa mabonge. Hupasuka kama kioo: ligonge ukingoni kwa kokoto ngumu, kitabanduka kipande chembamba chenye makali ya kuchunia ngozi.

Je, kila maiti wa Zama Mpya za Mawe alizikwa na zana zake?

La, na ndiyo maana kaburi moja la Uingereza halinitoki akilini. Ni tuta la mawe la Hazleton North, Gloucestershire, lenye umri wa miaka kama 5,700, lililochimbwa kati ya 1979 na 1982. Kwenye njia ya kuingilia upande wa kaskazini alilala mwanamume, mifupa yake ikiwa bado imeshikana kwa mpangilio, na kando yake bonge la gumegume lililokwisha kubanduliwa vipande, pamoja na jiwe la kugongea. Fundi na kazi yake! Tena eneo lile ni la mawe ya chokaa, gumegume halipo. Lililetwa kutoka mbali. Mwaka 2022 vipimo vya DNA vilionyesha kuwa kati ya watu 35 waliopimwa humo, 27 ni wa ukoo mmoja wa vizazi vitano, uliotokana na mwanamume mmoja na wanawake wanne.

Nitatofautishaje zana na jiwe lililovunjika tu?

Geuza upande uliobanduka. Palipogongwa pana kinundu laini, na kutoka hapo mawimbi hutawanyika kama ya maji yaliyotupiwa kokoto. Lakini hata mawe ya mtoni hugongana, kwa hiyo tafuta pia makovu madogo yaliyofuatana ukingoni. Hayo kwa kawaida ni ya mkono wa mtu.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Huku fundi alitumia obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalopatikana karibu na Naivasha. Makaburi makubwa pia yapo: Lothagam Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, wafugaji walizika watu wasiopungua 580, wengi wakiwa na mapambo yao.

Nimeona jiwe la namna hiyo shambani. Nilichukue?

Tafadhali, liache hapo hapo. Lipige picha, weka alama, kawaarifu watu wa makumbusho. Lile bonge la Hazleton lingeokotwa na mpita njia, leo lingekuwa jiwe tu kabatini, na yule fundi tusingemjua kwa kazi yake.