Kutoka udereva kwenda uuguzi ndani ya Jeshi la Marekani: niliyoyapitia

Mkuu, umesema uko Jeshi la Marekani kama dereva wa malori, namba ya kazi 88M, mkataba unaisha mwakani, una grini kadi, na moyo wako uko kwenye uuguzi. Mimi niliingia kupitia stoo, 92Y, nikahama nikiwa humo humo jeshini, na leo ni nesi mwenye leseni ya RN, yaani muuguzi kamili aliyesajiliwa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu vijana wetu wengi wakitaja uuguzi huambiwa, "chukua 68W, ni tiba vilevile". Hata mimi aliyekuwa akishughulikia mikataba kikosini kwetu aliniambia hivyo hivyo.

Si vilevile hata kidogo. 68W ndiye mtabibu wa uwanja wa vita. Anasoma wiki 16 hivi kule San Antonio, anatoka na cheti cha EMT, yaani cha huduma ya dharura. Ni kazi ninayoiheshimu sana, ndio wanaozuia damu na kufungua njia ya hewa huku risasi zinalia. Lakini siku ukivua gwanda, huku uraiani EMT ni mtu wa ambulensi, hakuna wodi itakayokuajiri kama nesi kwa cheti hicho. Unachokitaka wewe ni 68C, namba ya kazi ya uuguzi. Hiyo ni karibu mwaka mzima: sehemu ya kwanza darasani San Antonio, ya pili ndani ya hospitali ya jeshi, na mwisho unafanya NCLEX-PN, mtihani uleule wanaofanya raia. Ukifaulu unapata leseni ya LPN, yaani nesi wa ngazi iliyo chini ya RN. Wenzetu wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za CNA, yaani wasaidizi wa manesi, kwenye nyumba za wazee wanalipa ada kutoka mfukoni kuitafuta leseni hiyo. Wewe utaipata huku mshahara unaingia.

Kizingiti cha kwanza ni alama za ASVAB, ule mtihani wa kupima uwezo wa kuingia jeshini. Zinazotakiwa ni alama mbili za jumla, GT na ST. Hapa nisikilize vizuri. Zote mbili zina VE ndani yake, ambayo ni msamiati na ufahamu wa kusoma. Maana yake Kiingereza kinahesabiwa kotekote, na sisi tuliosoma shule za msingi kwa Kiswahili ndipo tunapoachia alama. Watu wanakesha na hesabu, wakati maneno ndiyo yanawaangusha. Nenda ofisi ya elimu ya kambi yako uulizie darasa la BSEP, la kunoa Kiingereza na hesabu, halafu urudie mtihani kwa njia ya AFCT, ambao ni ASVAB kwa walio tayari jeshini. Mimi nilibeba daftari la maneno hadi foleni ya chakula. Sajenti mmoja akanicheka, mwingine akawa ananihoji maneno kila asubuhi kabla ya mazoezi. Huyo wa pili namwombea dua hadi leo.

Kizingiti cha pili ni wakati. Nguvu yako iko pale unaposaini upya, si katikati ya mkataba. Unaomba lile chaguo la mafunzo, Option 3, na 68C inaandikwa kwenye karatasi kabla kalamu haijagusa. Ahadi ya mdomo, kwamba "saini kwanza, tutakuhamisha baadaye", usiipokee hata kama anayeitoa ni mtu mzuri. Jua pia kwamba kama madereva ni wachache jeshi linaweza kukataa kukuachia, na hali hiyo hubadilika, kwa hiyo uliza mapema na uliza tena.

Ukifika hospitali ndipo utajua kama kweli ni wito wako. Wagonjwa si askari vijana peke yao. Kuna wastaafu, wake zao, watoto, mama anayejifungua. Hesabu za dozi ndizo zinazowatoa watu jasho. Daktari kaandika miligramu 0.5, kichupa kina miligramu 2 kwa kila mililita: unavuta robo ya mililita, basi. Ukikosea nukta umempa mtu mara kumi. Mkufunzi wangu alikuwa akisimama kando, haongei, anatazama sindano tu mpaka nitaje jibu kwa sauti. Usiku wa kwanza nilipompa dawa mzee mmoja mwenye moyo uliochoka, nilirudia hesabu ile mara tatu, na bado nafanya hivyo hadi leo.

Baada ya LPN njia zipo. Kuna AECP, ambapo jeshi linakupeleka chuo kumaliza digrii ya uuguzi huku ukilipwa mshahara, kisha unatoka Luteni Usu. Ushindani ni mkali, na kwa cheo cha ofisa lazima uwe raia. Kama bado hujaomba uraia kupitia utumishi wako, anza hilo wiki hii. Tangu amri ya Rais Bush ya Julai 2002, mwanajeshi hasubiri ile miaka mitano ya mwenye grini kadi wa kawaida. Mimi sikupita AECP. Nilimaliza mkataba, nikasoma RN kwa GI Bill, ule msaada wa masomo kwa waliotumikia jeshi, na sijutii, kwa sababu nilikuwa na familia iliyochoka kuhamahama.

Kwa sasa, ukiwa bado kwenye lori, chukua anatomia, kemia na takwimu za chuo kwa Tuition Assistance, msaada wa ada kwa walio jeshini. Wanalipa hadi dola 250 kwa krediti. Ila uliza chuo unachokilenga masomo ya sayansi yanadumu miaka mingapi, maana vingi havikubali ya zamani. Ukipata alama zako za GT na ST ziweke hapa, tuone uanzie wapi.