Kabla penseli haijagusa ukuta

Wadogo zangu mnaojifunza hapa studioni, wiki hii mmoja wenu amekubali kazi ya kuchora ukuta kule Industrial Area, Nairobi, kwa ujumbe wa simu: "Sawa bosi, bei tutaongea." Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Sasa wameondoka.

1. Brashi haiachwi imesimama ndani ya tapentaini. Nywele zikipinda ndiyo basi, na brashi yenyewe si yako.

2. Plasta mbichi ingojeni ikauke. Chumvi ikianza kutoka, rangi itabanduka na studio ndiyo itakayotukanwa.

3. Andikianeni. Hapa nitakawia. Nikiwa na umri wenu nilichora ukuta wa duka moja mjini: mama muuza sukuma wiki, kisu mkononi, matatu ikimpita nyuma. Nikalipwa, nikanunua viatu. Baadaye nikakutana na yule mama kwenye mifuko ya duka, kisha kwenye kalenda, kisha kwenye tisheti za wahudumu. Nikapanda ofisini nikifoka hakimiliki, hakimiliki. Mwenye duka akaniagizia chai, akauliza kwa upole: "Kijana, tuliandikiana wapi?" Wakili niliyemkimbilia akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31: kazi ya kuagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila mkiwa mmekubaliana vingine. Mistari miwili ingeniokoa. Viatu vilikuwa vimeshaisha soli. Chai, kusema kweli, ilikuwa tamu.

Basi andikeni ukubwa wa ukuta, bei, malipo ya kwanza, nani ananunua rangi, nani anakodi jukwaa la kupandia, na mchoro utatumika wapi zaidi ya hapo ukutani.

4. Waulizeni wasanii habari za pesa, si kuchanganya rangi ya ngozi tu. Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Lunga Lunga, kule Mukuru, walionyesha kazi zao documenta 15, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022. Mnadhani maonyesho kama hayo hufanyika bila mtu wa kuandika barua na kupiga bajeti?

5. Fikeni mapema. Mengi utayaona msanii akiwamba turubai asubuhi, kabla simu yake haijaanza kulia. Nyinyi mnaingia saa tano na mandazi, tena bila kutuletea.

Na wewe wa Industrial Area, njoo Jumatatu na simu yako tumwandikie huyo mteja upya. Rangi usinunue mpaka ajibu.