Haibridi iliyobadilishwa seli mbili, ninunue?

Swali: Nataka kununua gari lililotumika, na nimebaki na mawili: Toyota Prius ya haibridi (yenye injini ya petroli na mota ya umeme) ya mwaka 2008 na gari la petroli la umri huohuo. Safari zangu nyingi ni za mjini, kwenye foleni. Mwenye Prius ananiambia taa ya betri kubwa iliwahi kuwaka, fundi wake akabadilisha seli mbili, na sasa gari ni zima. Anasema hata ikiwaka tena ni kazi ya saa mbili. Nilichukue?

Jibu: Hilo liache. Sisemi uache haibridi, maana kwa mtu anayeshinda kwenye foleni mfumo huo unalipa. Injini huzima gari likisimama, na nguvu ambayo gari la petroli huipoteza kwa joto la breki hapa hurudi kwenye betri. Ungekuwa mtu wa safari ndefu za barabara kuu, mwendo uleule saa nzima, ningekwambia tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko inavyosifiwa na ungechukua la petroli ukalala usingizi. Wewe si huyo. Kwako kinachobaki ni hizo seli mbili.

Magari ya namna hii naletewa mara kwa mara. Taa iliwaka, fundi akafungua betri, akatoa mbili zilizokufa, akaweka nyingine, taa ikazima, mteja akashukuru. Baada ya miezi michache taa imerudi, na mteja anaamini aliwekewa seli mbovu. Huenda hizo alizowekewa ndizo nzima kuliko zote. Ubovu uko kwenye zile zilizobaki.

Betri ya Prius hiyo ina moduli 28 (mafundi huziita seli, ingawa kila moduli ina seli 6 ndani), kila moja ya volti 7.2, zimeunganishwa kwa mfululizo mpaka zinafika volti 201.6. Kwenye mfululizo, umeme unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye zote. Moduli dhaifu huisha kabla ya wenzake, na wakati wa kuchaji hujaa kabla yao. Wenzake wanaendelea kupokea, yeye anageuza chaji ya ziada kuwa joto, na joto linazidi kumla. Sasa moduli zote 28 zilitoka kiwandani pamoja na zimechajiwa na kutumika pamoja miaka yote hiyo. Mbili zikifa, 26 zilizobaki ziko njiani. Ukichomeka moduli ya betri nyingine yenye uwezo tofauti, unaongeza tofauti ileile ambayo kompyuta ya gari inaivizia. Huzipima mbilimbili, makundi 14, na yakiachana mno inaandika kosa P0A80, yaani betri kubwa imechoka.

Betri hizi zinatengenezeka, sikatai. Lakini kuitengeneza kwa haki ni kujaza na kumaliza chaji ya kila moduli, zote 28, kupima uwezo wake halisi, kupanga zinazolingana, kusugua kutu kwenye vipande vya shaba vinavyoziunganisha, na kusafisha feni ya kupooza ambayo hufyonza hewa kutoka pembeni mwa kiti cha nyuma na kuziba kwa vumbi na nywele. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Anayekwambia saa mbili ameshika multimita (kipima umeme), akapima volti betri ikiwa haina mzigo, yaani haisukumi chochote, basi. Volti bila mzigo hazisemi uwezo. Moduli iliyochoka inaweza kusoma vizuri kabisa mpaka ukanyage mafuta. Na feni iliyoziba ikiachwa, hata moduli mpya zitaiva humo humo.

Wapo wabaya kuliko hao, wasiobadilisha kitu chochote. Asubuhi ya siku ya kukuonyesha gari wanafuta kosa kwenye kompyuta, taa inazima, unalipa. Kwa Prius nyingine utakayoiona, nenda na fundi wako mwenye mashine ya kusoma makosa. Aangalie kwanza kama majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe baada ya kufutwa yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, huenda kumbukumbu ilifutwa juzi tu. Kisha endesheni nusu saa, mpande na mlima, huku mkitazama volti za makundi 14 unapokanyaga mafuta na unapofunga breki. Yanatakiwa kupanda na kushuka pamoja. Kundi moja likizama peke yake, mrudishie mwenyewe ufunguo. Hata bila mashine, kipimo cha chaji kinachojaa upesi na kuisha upesi kinakueleza hali ya betri.

Kabla ya kulinganisha na la petroli, weka kwenye hesabu bei ya betri nzima mpya, kana kwamba utainunua kesho. Hesabu ikikubali, chukua haibridi. Ikikataa, chukua la petroli. Bei ya seli mbili usiihesabu. Wala usijaribu kufungua betri hiyo mwenyewe ili kuokoa pesa: waya zile za rangi ya chungwa zinabeba umeme unaoua.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu ufundi huu wa mkato umeenea kila penye betri. Betri ya asidi ikikauka, wanaiongezea asidi, wakati kilichokauka ni maji na asidi yake bado imo ndani. Inahitaji maji yaliyokenekwa tu. Ukiongeza asidi unazila sahani zake. Kwenye baiskeli za umeme na kompyuta za mkononi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu seli ni za lithiamu. Watu wanachomoa seli kwenye betri kuukuu, wanazichanganya na nyingine zisizojulikana umri, wanazifunga kwa plastiki na kuziuza kama betri iliyofufuliwa. Seli dhaifu ya nikeli, kama za Prius hiyo, ikizidishiwa chaji hupata joto na kufa. Ya lithiamu huvimba, hutoa gesi inayowaka, na inaweza kushika moto ikiwa kwenye chaja usiku, watu wamelala. Kama unayo betri ya namna hiyo, itoe kwenye chaja leo na usiichaji tena ndani ya nyumba.