Kadi Inaisha na Mimi Niko Kondele

SWALI: Naishi Houston, ila tangu Machi niko Kondele, Kisumu, namuuguza mama aliyepatwa na kiharusi. Mume wangu ni raia wa Marekani. Tulioana mwaka juzi, na grinikadi (kadi ya ukaazi) niliyopewa mwaka huohuo ni ya miaka 2, inaisha Novemba. Binamu yangu wa Dallas asema nijaze fomu I-90 nipate nyingine, kisha nikae na mama hadi apone. Ni sawa? – Nyar Kondele

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Lakini binamu yako anakupoteza. I-90 ni ya mwenye kadi ya miaka 10 iliyoisha, au ya aliyepoteza yake. Kadi yako ina masharti, kwa sababu ulipoipata ndoa yenu haikuwa imetimiza miaka 2. Masharti huondolewa kwa fomu I-751, ambayo wewe na mumeo mnaitia sahihi pamoja, na hupokewa ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha. Kwako ni kuanzia Agosti. Mkiwahi kabla ya hapo, itarudishwa.

Sasa ushahidi kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Watu wetu hupeleka albamu nzima ya ayie, sherehe ya posa ya Kijaluo: keki, wajomba, leso. Afisa wa uhamiaji anatafuta maisha ya kila siku: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, akaunti ya benki ya pamoja inayolipa bili kweli, ritani za kodi mlizowasilisha kama mke na mume, bima aliyokuandika mrithi. Ongeza barua ya daktari wa mama, maana miezi hii ya kuishi mbalimbali wanaweza kuiuliza. Karatasi ya Kiswahili au Kijaluo iende na tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya mfasiri.

Mkishatuma, barua ya risiti itafika Houston. Hiyo hurefusha kadi kwa miezi 48, nawe husafiri nayo pamoja na kadi iliyoisha. Beba karatasi yenyewe, si picha kwenye simu.

Kukaa hadi mama apone? Usivuke miezi 6 kwa mkupuo mmoja, la sivyo hesabu ya miaka 3 ya ukaazi ambayo mke wa raia hutimiza ili aombe uraia inaweza kukatika. Ukivuka mwaka, kadi peke yake haikurudishi. Kipo kibali cha kurudi, lakini huombwa ukiwa ndani ya Marekani. Hapa Kisumu umeshachelewa.

Ningekuwa wewe, ningemwachia mama ndugu mwingine Agosti, nikatie sahihi Houston, nipigwe alama za vidole nikiitwa, halafu Desemba nirudi Kondele na barua mkobani.