Sawa na kinyume cha nini?

SWALI: Nafundisha sayansi darasa la sita. Kwenye kanuni za mwendo za Newton nashindwa kuchagua kati ya "kani" na "nguvu": kitabu kinasema kani, wanafunzi wanasema nguvu. Kanuni ya tatu nimeiandika ubaoni hivi: "Kila kitendo kina mwitiko ulio sawa na kinyume." Nikianza kuieleza, nitumie neno lipi?

JIBU: Tumia kani. Ni neno la siku nyingi, halikutungwa maabara. Mtu akifanya kani, amekaza, hasogei. Nguvu limebebeshwa mengi mno: nguvu za umeme, nguvu za dola, nguvu ya hoja. Mtoto akisikia nguvu anafikiria kitu kilichomo mwilini mwa mtu, kama damu. Kani haimo mwilini mwa yeyote. Ipo pale tu kitu kimoja kinapokisukuma au kukivuta kingine. Wiki ya kwanza mwache aseme nguvu, wewe mjibu kwa kani. Atazoea.

Lakini hiyo sentensi ya ubaoni, mwalimu, ifute. Inakaririwa kila mahali na ni Kiswahili kibovu. "Sawa na" katika lugha yetu hulinganisha: mbili na mbili ni sawa na nne. Kwa hiyo "mwitiko ulio sawa na kinyume" ni mwitiko unaolingana na kinyume. Kinyume cha nini? Haisemi. Mtafsiri alikuwa na mambo mawili, kiasi kilekile na mwelekeo unaopingana, akayaunganisha kwa "na", na hiyo "na" ikamezwa na "sawa". Watoto wanakariri kitu kisicho na maana, halafu tunasema fizikia ni ngumu.

"Kitendo" nacho kinapotosha. Omba mifano, utaambiwa: "Ukimpiga mwenzako, naye atakupiga." Hicho ni kisasi. Mtoto hajakosea, kitendo kwake ni jambo ambalo mtu ameamua kulifanya.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni "mwitiko". Kuitika ni kufuata: hodi kwanza, karibu baadaye. Neno hilo linampa mtoto picha ya kitu kinachoanza na kingine kinachojibu. Katika kanuni ya tatu hakuna anayeanza, na hilo linaonekana kwa macho ukiwa na mizani mbili za springi za nyutoni 10 (nyutoni ni kipimo cha kani).

Zilaze mezani, zikiangaliana, kulabu kwa kulabu. Kabla ya kuvuta, rekebisha mishale yote isome sufuri zikiwa zimelala hivyohivyo. Mizani iliyowekwa sufuri ikining'inia, ukiilaza mshale hurudi chini kidogo ya sufuri, kwa sababu uzito wa kulabu hauuvuti tena. Mwanafunzi mmoja aishike ya kwake bila kuisogeza, mwingine avute polepole mpaka mizani yake isome nyutoni 5. Wengine watazame mshale wa yule asiyevuta: nao uko kwenye 5, na umepanda pamoja na mwenzake, si baada yake. Kisha mwondoe aliyeshika, mizani yake uifunge kwenye msumari wa ukutani. Vuta tena mpaka 5. Ya msumari inasoma 5. Msumari haujaitikia chochote.

Usiyafanye haya zikiwa zimening'inia moja juu ya nyingine. Mizani ya chini ikiwa na gramu 100, uzito wake wa takriban nyutoni 1 unaongezeka kwenye kipimo cha juu. Utapata 5 na 6, na darasa litaondoka na imani kwamba kanuni ni ya uongo. Mshale ukikwama, gonga kasha kwa kidole. Wala usivute kupita alama ya mwisho, springi ikishanyooka hairudi. Kama shule haina mizani, unganisha raba bendi mbili za pakiti moja kwa kibanio cha karatasi, zivute kwanza mara tano au sita zilegee, ndipo upime kwa rula kila moja imerefuka kiasi gani. Zikitofautiana, zibadilishane pande: tofauti ikihama pamoja na raba bendi, kasoro ni ya raba bendi.

Sasa tunasemaje? Kiswahili kina kiambishi -an-, na hicho ndicho kanuni yenyewe. Vitu husukumana. Vitu huvutana. Lugha nyingine hutumia maneno kadhaa kusema jambo hilo. Newton mwenyewe, alipochapisha kanuni zake kwa Kilatini mwaka 1687, ilimbidi aongeze papo hapo kwamba ni vitu viwili, kila kimoja juu ya mwenzake. Tayari tunasema msuguano, mgongano, mvutano. Hakuna aliyewahi kufundisha "msuguo". Andika hivi:

"Vitu viwili vikisukumana au vikivutana, kani zake huwa za kiasi kimoja, na kila moja huelekea upande unaopingana na wa mwenzake."

Sentensi hiyo inaziba pia kosa la kitabu juu ya meza, ambalo hata walimu wazuri hulifanya. Uzito wa kitabu na kani ya meza inayokibeba huletwa kama mfano wa kanuni ya tatu. Sivyo: kani hizo mbili zote ziko juu ya kitu kimoja, kitabu. Uliza, nani wanavutana? Kitabu na dunia. Nani wanasukumana? Kitabu na meza. Jozi ni mbili.

Mkishafika hapo, mwanafunzi mwerevu atauliza: kama punda na mkokoteni wanavutana kwa kani za kiasi kimoja, mkokoteni unaondokaje? Mwambie autazame mkokoteni peke yake. Punda anauvuta mbele, msuguano unaurudisha nyuma. Kani ya mbele ikizidi, mkokoteni unaondoka. Kani ya mkokoteni kwa punda haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu inamvuta punda. Na punda anasonga mbele kwa kuwa kwato zake na ardhi zinasukumana. Mpeleke kwenye tope laini uone.